Kofia za Lengalenga na Sala Yangu Fupi

Waliokuwapo siku ya hukumu ni hawa. Mimi mwenyewe. Mdogo wangu wa kike, wa tumbo moja, aliyetoka Buffalo kuja kuwa hakimu. Binti yangu anayekaa Gahanna, pale Columbus, ndiye aliyenishitaki. Mume wake, aliyeendesha gari na kula tu. Mwanangu wa kwanza, ambaye nilikuwa nakaa kwake Okolona, kusini mwa Louisville. Mke wake, mkamwana wangu, aliyesonga bugali. Wajukuu, ambao siwezi kusema walikuwa wangapi kwa sababu waliingia na kutoka kama nyuki. Na jirani yangu wa shambani, mama wa Kirundi, aliyealikwa kama shahidi lakini akaja na sahani yake mkononi.

Majina yao yote ninayo, na ya baba zao, na ya babu zao. Lakini watoto wamenikataza. Wamesema, "Mama, andika habari, majina uyaache." Bon, nitawataja kwa udugu wao, na kila mmoja atajijua.

Ilikuwa mwaka wa elfu mbili na kumi na tano, au kumi na sita. Tulikuwa bado wageni Amerika. Mwanangu na mke wake walifanya kazi kwenye maghala ya mizigo, wajukuu walikwenda shule, na mimi nilibaki na televisheni inayosema lugha nisiyoijua. Nilifika hatua ya kuipungia mkono. Ndipo watu wa kanisa moja la Wazungu wakatupatia kiwanja cha kulima, kipande cha ardhi kilichogawanywa kama maandazi kwenye sinia, kila familia na kipande chake. Changu unaweza kukivuka kwa kuruka ukiwa kijana. Siku niliposhika jembe tena, mkamwana aliniambia nilirudi nyumbani nikiongea peke yangu kwa furaha. Nikamwambia sikuongea peke yangu, niliongea na udongo.

Shida ilianza kwa binti yangu wa Gahanna. Alikuwa na mimba ya kwanza, na alitaka nihamie kwake. Akapiga simu ya video mwezi wa tatu, na akamwunganisha mdogo wangu wa Buffalo ili apate mtu wa kumsaidia maneno.

"Mama, njoo ukae huku. Huko unakaa peke yako tangu asubuhi, kila mtu yuko kazini."

"Siko peke yangu. Nina shamba."

"Shamba gani? Kitanda kimoja cha udongo! Mama, huwezi hata kulisha kuku."

Maneno hayo yaliniuma. Mimi kule milimani Kongo, juu ya Uvira, nililisha nyumba ya watu kumi na wageni wao. Nikasema, "Nitakulisha wewe, na mume wako, na huyo aliye tumboni, na shangazi zake wote wakija."

Mdogo wangu akacheka mpaka simu ikatikisika. Yeye ananiita Yaya, maana kwetu mkubwa wako ni yaya. "Yaya, weye unalisha watu na majani gani? Huku Buffalo bado tunatafuta gari ndani ya theluji!"

"Louisville si Buffalo."

"Bon. Basi mimi nitaamua. Mwisho wa mwezi wa tano kuna mapumziko, sisi wote tutakuja kwako. Ukitulisha mboga ya shamba lako mwenyewe, mboga ya kutosha, unabaki. Isipotosha, tunafunga sanduku lako na unapanda gari kwenda Gahanna siku hiyohiyo. Hakuna kulia."

Binti yangu akakubali upesi sana. Alijua baridi ya nchi hii. Mwanangu alinitazama kama mtu anayemtazama mzazi wake akiingia mtoni bila kujua kuogelea. Nami nikakubali, kwa sababu nilitaka kubaki. Shamba lile lilikuwa kitu cha kwanza Amerika ambacho hakuna mtu aliyehitaji kunitafsiria.

Nilikwenda kiwanjani kesho yake na jembe langu, na nikakuta mtu amenitupia takataka.

Nasema takataka kwa sababu ndivyo nilivyoona. Njia zote mbili za kuzunguka shamba langu zilikuwa zimemwagiwa vibanzi vya miti, ile miti inayosagwa na mashine, rangi ya kahawia, na magome, na vijiti. Kwetu njia ya shamba inafagiliwa. Mgeni akija akute ardhi safi, atajua kuna mwanamke katika nyumba hii. Njia yenye uchafu ni aibu ya mwenye shamba. Nikafikiri, haya, tayari nina adui, na hata sijajua sura yake. Nikafunga vijiti, nikapata fagio, nikafagia vibanzi vyote mpaka nje ya kiwanja. Udongo ukabaki unang'aa kama sakafu ya kanisa.

Juma lililofuata nikavikuta vimerudi. Nikafagia tena. Vikarudi. Nikafagia, na safari hii nikaongeza maombi juu ya adui. Nilipofika tena, vilikuwa vinene kuliko mwanzo, na msimamizi wa kiwanja alikuwa amesimama pale na yule mama wa Kirundi, ambaye shamba lake linapakana na langu. Msimamizi ni mwanamke mrefu, mpole, mwenye kofia ya majani makavu. Mama wa Kirundi alikulia kambini Tanzania, Kiswahili chake kimenyooka, na Kiingereza anacho.

"Bibi," akaniambia, "huyu anauliza kama umemwona mtu anayeiba vibanzi vya njia yako. Vijana wa kujitolea wamevirudisha mara nyingi, wamechoka."

Nilimtazama msimamizi. Nilitazama fagio langu. Nikasema, "Mwambie mwizi amekamatwa, na chombo cha wizi ni hiki hapa."

Alipotafsiriwa, yule msimamizi alicheka akakaa chini kwenye ndoo. Kisha akafuta macho na kunieleza sheria. Njia bila vibanzi inaota magugu, magugu yanaingia kwa jirani, na mvua ikija ni matope kila mahali. Shamba ambalo njia zake ziko wazi wakati wa joto linapewa wengine wanaongoja. Hapo mimi sikucheka tena. Nilikuwa nimejifagilia nje ya shamba langu mwenyewe, na nilikuwa nimelifanya vizuri sana.

Basi tukaenda kwenye rundo kubwa karibu na lango, pale magari yanapomwaga vibanzi vya bure. Wazungu walikuwa na matoroli yao. Mama wa Kirundi alijaza beseni akaliweka kichwani. Mimi nilijaza kikapu, nikakibeba mgongoni na kamba kwenye paji la uso, kama tunavyobeba kuni kule milimani. Mzee mmoja wa Kizungu mwenye toroli alisimama kutuangalia, akasahau kusukuma.

"Anasema nini?" nikamuuliza jirani.

"Anasema anataka kukusaidia, Bibi."

"Mwambie aangalie toroli lake, limepoteza gurudumu."

Kweli lilikuwa limepoteza. Tulimwachia rundo. Na nataka kusema ukweli kuhusu vibanzi vile: baada ya mvua ya kwanza nilitembea shambani na viatu vikatoka safi, na magoti yangu yakipiga pale hayaumi. Tangu siku ile nimeacha kuvisema vibaya. Lakini kila nikipita mkono unatafuta fagio.

Sasa, mboga. Nililima lengalenga, ile ambayo wengine mnaiita mchicha, kwa sababu inakimbia kuliko mboga zote, na kwa sababu mdogo wangu hawezi kujizuia mbele yake. Lakini lengalenga inataka joto, na mwezi wa nne wa Kentucky ni mwongo. Asubuhi unavaa koti, mchana unalivua, jioni unalitafuta tena ukitetemeka. Mama wa Kirundi alinionyesha dawa. Unachukua bidoni ya maziwa, ile ya plastiki inayopitisha mwanga, unakata kitako chake, unaifunika juu ya mche, na unaikaza kwa udongo isiruke na upepo. Kizibo cha juu ndicho dirisha. Jioni unafunga kizibo, joto linalala ndani. Asubuhi jua likipanda unafungua, mche upumue.

Nilizipenda kofia zile. Nilitangaza kanisani kwamba nataka bidoni tupu, na kanisa letu la Wakongomani lina watoto wengi wanaokunywa maziwa. Zilikuja kwa magunia. Mwanangu akifungua mlango zinamwangukia. "Mama," akasema, "kazini nashusha makasha, nikija nyumbani nashusha bidoni. Kwangu au kwa bosi, mimi ni mtu wa ghala tu." Wajukuu wakamjibu kwa Kiingereza kitu fulani wakacheka, nami nikacheka pia ili nisiachwe.

Shamba likajaa kofia nyeupe zimejipanga. Nikampigia mdogo wangu simu, nikamwonyesha.

"Yaya, hiyo ni shamba ao ni kwaya ya mapadri?"

"Chini ya kila padri kuna lengalenga."

"Basi uwaambie waimbe kwa nguvu, mwezi wa tano unakuja."

Miche ilitoka, myekundu kidogo chini, majani kama masikio ya panya. Kila siku mwanangu au mkamwana alinipeleka kabla ya kazi, nikafungua vizibo. Mama wa Kirundi alivifunga jioni akipita kwenda kwake. Tulikwenda hivyo vizuri kabisa, mpaka Jumapili ile.

Jumamosi simu ya mwanangu ilisema kutakuwa na baridi ya kuua. Tukafunga vizibo vyote, tukavikaza. Asubuhi kulikuwa bado kijivu na baridi, nikaona heri viendelee kufungwa, tukitoka ibadani nitapita kuvifungua. Jirani yangu alikuwa kazini siku hiyo, anatunza wazee, hivyo hakuna aliyebaki.

Hapa anayejua makanisa yetu ameshaelewa. Niliwaza ibada kana kwamba ni ya Wazungu, wanaoimba kidogo, wanasikiliza kidogo, na saa sita wako nyumbani wanapika. Sisi siku ile tulikuwa na kwaya za wageni. Kila kwaya ikaimba nyimbo zake, kisha ikaomba iongeze mmoja, na ule mmoja ulikuwa na mtoto. Akina mama wakaimba. Vijana wakaimba. Wakati mchungaji anafungua Biblia, wingu likatoka. Jua likaingia kwa dirisha likamwangukia shemasi wa kwanza kwenye bega. Nikaliona linasogea. Likafika kwa shemasi wa pili. Likampata mke wake, akavua koti.

Mimi nikaanza kutokwa na jasho kwa ajili ya lengalenga. Niliona miche yangu ndani ya zile bidoni, imefungiwa kama watu ndani ya gari lisilo na dirisha. Nikainuka, nikakaa. Nikainuka tena, nikamwambia mwanangu kwa kunong'ona, "Twende."

"Mama, mchungaji yuko kwenye jambo la pili."

"Yako mangapi?"

"Amesema saba."

Nikashika kichwa. Jambo la tatu likapita, la nne likapita. Nikatikisika. Nikasema "Ee Bwana" kwa sauti kuliko nilivyotaka. Na mchungaji, mtu mwema sana, akaona mama mzee anatikisika na kulia Bwana, akajua Roho amenigusa. Akakata mahubiri kwenye jambo la tano! Akasema, "Mama yetu amebeba mzigo. Mama, njoo mbele utufungie kwa maombi."

Sasa lazima mjue jambo moja. Maombi yangu yanajulikana. Mimi nikiomba namtaja kila mtu kwa jina: walio hapa, walio Columbus, walio Buffalo, walio kambini bado, waliobaki milimani, wajane, walioolewa juzi, watoto waliozaliwa, na ng'ombe wa mjomba wangu kama nimekumbuka. Watu wakiniona nasimama kuomba wanakaa chini kwanza. Siku ile walikaa. Wengine walitoa watoto nje.

Nikafika mbele. Nikafumba macho. Nikaziona bidoni.

"Bwana," nikasema, "wote unawajua. Amina."

Nikafungua macho. Hakuna aliyekuwa amemaliza kufumba. Mchungaji alikuwa bado anainamisha kichwa. Nikapita katikati ya viti na kitenge changu cha sherehe mpaka garini, na nyuma yangu nikasikia kicheko kimoja, halafu kanisa zima.

Tulichelewa. Nilipong'oa kizibo cha kwanza, mvuke ulinipiga usoni kama sufuria ya sombe, yale majani ya muhogo, ikifunuliwa. Miche ilikuwa imelala, imeiva, inahitaji chumvi tu. Kofia baada ya kofia, ni hivyo. Mstari mmoja tu ulipona, ule ulio kwenye kivuli cha kibanda cha majembe. Nilikaa kwenye vibanzi na nguo zangu za Jumapili. Mwanangu akakaa karibu yangu na suti yake.

"Mama, Gahanna si mbaya," akasema baadaye. "Wana sehemu ya kutembea."

"Nipe mbegu," nikamwambia.

Nikapanda tena siku ileile, bila kubadilisha nguo. Joto likaja kweli safari hii, kofia nikaziondoa mapema. Mstari uliopona niliukata ncha, ukatoa matawi. Mpya zikakimbia, lakini wiki zilikimbia nazo. Mama wa Kirundi alikuwa na lengalenga nyingi nzuri upande wake wa njia, na jioni moja akaniambia taratibu, "Bibi, mpaka huu ni vibanzi tu. Mkono wako ukipotea ukavuka, mimi macho yangu ni mabovu." Nikakataa. Mdogo wangu ana pua. Angejua lengalenga ya Kirundi hata ndani ya karanga.

Walifika Jumamosi ya mapumziko yale, gari moja kutoka Columbus, na mdogo wangu ndani yake, alikuwa amepanda basi kutoka Buffalo mpaka kwa binti yangu. Kabla ya kunywa chai alisema, "Twende tuone mapadri." Binti yangu akasema naye anakwenda.

Alitembea polepole. Tumbo lilikuwa limemtangulia. Kwenye simu alikuwa ananionyesha uso tu, anasema "niko sawa, Mama, niko sawa," na uso wake ni wa baba yake, hausemi kitu. Kazini alikuwa anasimama siku nzima kwenye mkanda unaopitisha vifurushi. Alifika kwenye njia yangu, akasema, "Ngoja nikae kidogo, vibanzi hivi ni laini." Akakaa. Akavua viatu. Sisi tukainama kuvuna.

"Hiyo si yako, Yaya," mdogo wangu akanong'ona. "Hiyo umevuka."

"Mpaka ni pale."

"Mpaka ni hapa. Mimi hakimu."

"Hakimu na ainame achume, mgongo wangu unaniuma."

Tulipogeuka, binti yangu alikuwa amelala. Amelala kabisa katikati ya njia, kichwa juu ya mkoba, mdomo wazi kama alipokuwa mdogo. Miguu ilikuwa imevimba, na mikanda ya viatu imeacha alama kama kamba kwenye mguu wa mbuzi. Mdogo wangu aliacha utani. Nami niliacha. Tuliendelea kuchuma, tukimruka, na wapita njia wakapunguza hatua. Nilimtazama nikaona kwamba muda wote ule nilifikiri anataka kunifunga ndani ya nyumba, na yeye alikuwa anamwita mama yake tu, kwa maneno ya ubishi, kwa sababu nimemfundisha hivyo mwenyewe.

Mkamwana alisonga bugali. Mimi nilipika lengalenga na karanga, na maharage pembeni. Nilipakua kwa uangalifu, na kila mtu akapata. Mdogo wangu alimaliza sahani ya kwanza. Akaomba ya pili. Mwanangu akasema, "Mama mdogo, hukumu."

"Hakimu hahukumu na njaa."

Akaomba ya tatu. Mama wa Kirundi naye akasogeza sahani yake, akasema shahidi pia ana tumbo. Sufuria ikakwanguliwa. Hapo mdogo wangu akapangusa mdomo, akasimama kama yuko mahakamani. "Nimekula Amerika miaka yote hii, leo nimeshiba. Imetosha. Yaya anabaki Okolona. Nimemaliza."

Wajukuu wakapiga meza. Binti yangu hakubisha. Alitazama sahani yake, akasema, "Sawa, Mama. Umeshinda."

"Bon," nikasema. "Leteni sanduku langu."

"Mama, umeshinda!" mwanangu akasema. "Unabaki."

"Aliyeshinda ndiye anayechagua. Nakwenda Gahanna mpaka mtoto azaliwe na akaze shingo. Halafu narudi kwenye shamba langu, na mtu asiniite mgeni."

Binti yangu akafunika uso na kitenge. Mdogo wangu akapiga mikono. "Kumbe ningejua unakwenda, nisingekula kwa bidii hivyo! Nimeumia tumbo kwa ajili yako, Yaya!"

Nilimwachia mama wa Kirundi shamba, achume ale, asiache njia wazi. Nikapanda gari. Mjukuu alizaliwa wakati wa joto, msichana, ana sauti. Nilirudi Okolona majani ya miti yanaanguka, nikakuta jirani amelima kabichi kubwa na njia zangu zimejaa vibanzi vipya, na msimamizi akanikumbatia akauliza habari za fagio.

Sasa, nyinyi mliokuwapo, kama nimekosea nisahihisheni. Kwaya za wageni zilikuwa mbili au tatu, sina hakika. Mchungaji anasema alikuwa kwenye jambo la sita, si la tano. Shemasi mmoja anasema la nne. Mwaka mtauangalia wenyewe. Na mdogo wangu amenipigia kutoka Buffalo kusema kwamba zilikuwa sahani mbili. Kama kuna mtu aliyekaa mezani pale na aliona mbili, aniambie, nitafuta. Lakini aseme mbele yangu, na aniangalie machoni.